Mkanda wa Waheshimiwa

Siku Bunge lilipotangaza kwamba hazina ni tupu na kila mtu afunge mkanda, watu wengi walishika vichwa. Tai alishika kalamu.

Alikuwa kwa kinyozi, akisoma gazeti la jirani kwa juu ya bega. Spika alikuwa amesema, "Wakati umefika wa kufunga mkanda, tukianza na sisi waheshimiwa." Watu wengine walielewa kwamba dawa zitapungua hospitalini na madaftari shuleni. Tai alielewa kwamba waheshimiwa wanahitaji mikanda.

Jina hilo la Tai alilipata kwa ile tai nyekundu iliyokaa shingoni mwake kiangazi na masika. Wanaomjua vizuri walisema ni kwa sababu ya yule ndege, anayeona kifaranga akiwa mbali huko juu. Aliuza baiskeli yake, akanunua mikanda ya mitumba mia na themanini, akaipaka rangi ya viatu, na kila mmoja akautoboa kwa msumari matundu matatu ya ziada. Kisha akaenda Bungeni na magunia mawili kwenye mkokoteni.

"Wewe nani?" askari wa getini akamuuliza.

"Mtaalamu wa mikanda."

Askari akapiga simu ndani: "Amekuja mtaalamu wa kufunga mkanda." Ikawa bahati. Kamati ya Kubana Matumizi ilikuwa ikimngoja mtaalamu wa uchumi kutoka ng'ambo kwa wiki ya tatu. Hakuwa amefika, kwa kuwa kamati ilikuwa imebana nauli yake.

Akaambiwa asubiri jikoni, kwani viti vya ukumbini vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa mnada. Jikoni alimkuta Mama Chai, mkuu wa wanawake saba waliowapikia waheshimiwa chai. Mama Chai hakumuuliza katoka wapi. Alimtazama mara moja, akamwekea kikombe na vipande viwili vya mkate. Kisha akachomoa sindano kwenye kilemba chake.

"Simama vizuri, mwanangu. Utaendaje mbele ya wakubwa na kifungo kinachoning'inia hivyo?"

"Nitakulipa, mama."

"Kifungo chako, uzi wangu, chai ya serikali. Utamlipa nani?"

Akakishona, akakata uzi kwa meno, akamfuta makombo kwenye koti kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

Kamati ilikuwa na watu tisa na kitambi kimoja kikubwa, nacho kilikuwa cha Mwenyekiti.

"Tueleze, mtaalamu," Mwenyekiti alisema. "Huo mkanda una tofauti gani na huu niliovaa?"

"Mheshimiwa, huo wako una matundu matano, yote ya neema. Huu una matatu zaidi. La kwanza ni la dhiki, la pili la subira, la tatu la uzalendo."

"Na hilo la uzalendo, kuna aliyewahi kulifikia?"

"Bado, mheshimiwa. Ndiyo maana tuko hapa tulipo."

Wote wakaandika. Mmoja akauliza kama mvaaji atapewa posho. Tai hakuwa amelifikiria hilo, na alijilaumu moyoni.

"Bila posho," alisema, "mkanda hubana vibaya."

Likabaki swali moja dogo: fedha zitoke wapi? Wakatazama dari, wakatazama madirisha, mwishowe wakatazama vikombe vilivyokuwa mbele yao.

"Chai ni anasa," alisema Mwenyekiti, akamalizia yake. "Tulifunge jiko."

Azimio likaandikwa: waheshimiwa wote watafunga mkanda wa kitaifa kuanzia Jumatatu mpaka uchumi upone, nao watapewa posho ya mkanda, na jiko la Bunge litafungwa ili kugharamia mikanda hiyo.

Tai alikigusa kifungo chake. Kilikuwa kimeshonwa imara sana. Kisha akakiachia. Basi akagawa mikanda. Wa Mwenyekiti ulizunguka nusu ya safari ukakwama. Ikabidi aungiwe miwili.

Aliporudi jikoni, alitamani apite tu.

"Mambo yameendaje, mwanangu?"

"Wamekubali, mama. Lakini..." Akalegeza tai. "Hela itatoka hapa. Jiko linafungwa."

Mmoja wa wanawake wale alikuwa na mama aliyelala kitandani mwaka wa pili. Mwingine alikuwa na watoto watatu, na ada ya watatu hao ilitoka kwenye birika lile.

"Tuko saba hapa," Mama Chai alisema.

"Mimi nimeuza mikanda tu, mama."

"Nimesikia. Kaa unywe chai, isipoe."

Tai aliona heri angetukanwa.

Hapo akaingia karani wa kumbukumbu za Bunge na karatasi mkononi. Huyu alikuwa amemwoa binti wa Mama Chai, na mkwe mwenye adabu hasahau kuamkia.

"Shikamoo, mama. Mwenyekiti ananitesa. Kasema tubane hata karatasi, azimio lisizidi mstari mmoja. Hili lina minne. Nipunguze wapi?"

Mama Chai akavaa miwani, akaomba penseli.

"'Wa kitaifa' ya nini? Kuna taifa lingine hapa? Futa. Posho nayo, wataona aibu ikisomwa mbele za watu. Futa."

"Na hili la jiko?"

"Mambo ya jikoni yanaingiaje Bungeni? Futa, baba."

Karani akahesabu kwa kidole. "Bado neno moja limezidi."

"'Mkanda' nao, si wameshauvaa? Hawajui wanafunga nini? Futa."

Tai alicheka ndani ya kikombe. Maisha yake yote aliishi kwa maneno ya mdomoni. Ya karatasi aliwaachia makarani.

Alasiri Spika akasimama, akasoma: "Waheshimiwa wote watafunga kuanzia Jumatatu mpaka uchumi upone. Wanaoafiki?"

"Ndiyoooo!" Nusu yao walikuwa wameinama, wakijaribu tundu la dhiki.

Waandishi wa habari wakatoka mbio. Kabla jua halijazama redio zote zilitangaza kwamba waheshimiwa wameamua kufunga, hawali wala hawanywi mchana kutwa, kwa ajili ya nchi. Wauza mboga walilia sokoni. Watu waliokuwa wakiwatukana jana wakaanza kuwaombea. Waheshimiwa hawakuwahi kupendwa namna ile, na hakuna aliyethubutu kusimama aseme kwamba walimaanisha mkanda.

Asubuhi ya Jumatatu Tai alikuwa dirishani kwa mhasibu.

"Nimekuja kwa malipo ya mikanda."

Mhasibu akasoma azimio, akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele. "Kufunga nakuona. Mkanda sioni."

"Sasa, ndugu yangu, watafunga nini kama si mkanda?"

"Mdomo. Na wewe ufunge wako, kuna watu nyuma yako."

Tai alisimama kwenye korido mpaka ilipomwingia. Ile penseli. Yale "futa, futa" ya upole. Alikwenda jikoni akitembea kama mtu aliyekanyagwa na punda aliyemlea mwenyewe.

Alimkuta Mwenyekiti kwenye mlango wa nyuma, jasho likimtoka.

"Mama, kikombe kimoja tu."

"Mheshimiwa si umefunga?"

"Sisi ni watu wazima, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza taratibu. Jiko hili halina barua. Leo lipo, kesho mtalifunga. Nitampaje kiongozi chai kwenye jiko lisilo na barua?"

Kufikia saa nne barua ilikuwa imeandikwa, ikasainiwa na kugongwa muhuri: ajira ya kudumu kwa wahudumu wa jiko la Bunge. Kufikia saa tano foleni ya mlango wa nyuma ilikuwa imefika kwenye bomba la maji.

"Umenimaliza, mama," Tai alisema.

"Nimekumaliza? Hebu soma."

Akasoma. Barua ilitaja wahudumu wanane.

"Mko saba."

"Wa nane ni wa mlangoni. Tunahitaji mtu mwenye maneno." Akamsukumia mkate. "Kula kwanza. Kazi haianzwi na njaa."

Hakuwa amemaliza kutafuna pale mwandishi wa habari alipotokea kwenye kona ya jengo, daftari mkononi, masikio wima.

"Ndugu, humo ndani kuna nini? Nasikia vijiko."

Tai akaweka tai yake sawa.

"Waheshimiwa wako kazini," alisema. "Wanakoroga uchumi."

Mwandishi akaandika neno kwa neno. Ilikuwa siku ya kwanza ya Tai kazini, na tayari alikuwa amesema kweli.