Kipimo cha Mkebe wa Biskuti

Jumatatu, 9 Juni

Gari limezima tena. Safari hii katikati ya makutano, saa ya watu kutoka kazini. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaikodolea macho injini. Haikutishika. Baada ya muda likawaka lenyewe, bila hata kuomba radhi.

Na nani akapita wakati uleule? Bwana Kamili! Ni mwanyumba wangu: yeye kaoa dada mtu, mimi nimeoa mdogo mtu. Jina hilo nimempa mwenyewe, kimyakimya, kwa sababu mtu yule hapungukiwi kitu. Hata mwavuli wa akiba anao garini. Alipiga honi ndogo, ya heshima. Heshima yenyewe ndiyo iliyoniuma.

Jambo hili si dogo. Jumamosi mama mkwe anatoka hospitali alikopasuliwa mtoto wa jicho, na anakuja kukaa kwetu. Nimeahidi mbele ya ukoo mzima kwamba nitamfuata mimi. Huyu ndiye mama aliyewaambia wenzake, siku nilipokwenda kuposa na wote wamekunja nyuso, waniache, kijana ana mikono. Nampenda mama yule. Miaka mingi amekuwa akiniona kwa ukungu. Sasa ataniona vizuri, na nataka anione nyuma ya usukani.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa muuza spea. Nikamweleza: gari likipata joto linazima, likipoa linawaka. Akasema labda ni rilei ya pampu ya mafuta, kijisanduku cheusi kinachoipelekea pampu umeme. Ninunue mpya nijaribu.

Labda! Mimi ni mtu wa kununua labda?

Nitaunda kipimo. Betri, taa, swichi, waya. Umeme ukipita kwenye rilei, taa itawaka. Usipopita, rilei ni mgonjwa. Nimeona kila kitu kichwani, mpaka rangi ya waya. Mke wangu akasema kununua ni rahisi kuliko kuunda. Nikamweleza sayansi yake kuanzia mwanzo. Akasema sawa. Ile sawa yake naijua, lakini penye nia pana njia.

Jumatano, 11 Juni

Siku njema! Vifaa vyote nimevipata bila kuvuka kizingiti, au karibu hivyo. Betri ndogo nane: kutoka kwenye redio, tochi, rimoti na saa ya ukutani. Swichi: kitufe cha kengele ya mlangoni. Taa: ile ya darini mwa gari, ambayo mchana haina kazi. Sanduku: mkebe wa biskuti ambao mke wangu huwekea nyuzi na sindano. Nyuzi nimezihamishia kwenye sufuria.

Ikabaki fyuzi. Mimi si mtu wa kuchezea moto. Chombo kisicho na fyuzi ni hatari. Nikakumbuka kisanduku kilicho chini ya usukani. Fyuzi zimejipanga humo tele, za kila rangi. Nikachomoa moja ya buluu. Katika umati ule, nani ataulizia mmoja? Gari halikulalamika. Ila lilikuwa limezimwa.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu amechelewa kazini. Anadai saa ya ukutani ilimwambia bado mapema. Nimemshauri asitegemee saa moja.

Jioni nikaiunganisha rilei, nikabonyeza. Kak! Taa ikawaka. Nzima kabisa. Ndipo nikakumbuka: gari huzima likipata joto! Na rilei ilikuwa ya baridi! Nikakimbilia chumbani kuchukua mashine ya kukaushia nywele. Mke wangu alikuwa anaitumia. Nusu ya kichwa ilikuwa bado mbichi. Nikamwahidi kuirudisha upesi. Nikaipuliza rilei hewa ya moto, nikabonyeza. Kimya! Taa haikuwaka! Ikapoa, ikawaka. Ikapata moto, ikagoma. Nimemkamata mchawi mchana kweupe! Nikacheza peke yangu sebuleni.

Kumbe sikuwa peke yangu. Bwana Kamili alikuwa dirishani. Alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu akibonyeza tundu lililokuwa na kengele. Amekuja kusema, kwa upole wake ule, kwamba kama gari lina usumbufu yeye Jumamosi ana nafasi, na tangi limejaa. Nikamshukuru, nikamwambia asijisumbue. Akakisifu kipimo. Baadaye nikamsikia jikoni akicheka na mke wangu. Nilijikaza kisabuni.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenunua rilei mpya. Lakini si kwa macho! Nilikwenda dukani na mkebe wangu na mashine ya nywele, nikaomba umeme. Watu wakakusanyika. Rilei ya kwanza niliyoipima ikawasha taa, ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Mteja mmoja aliniuliza kama nakausha na mitandio. Watu wengine hawana haya.

Nimeifunga rilei mahali pake. Nimeosha gari, nimepangusa viti. Mke wangu aliuliza kama nimeliwasha nione. Nikamwambia kitu kilichopimwa hakijaribiwi tena. Kukijaribu ni kukitukana kipimo. Akasema sawa.

Jumamosi, 14 Juni

Haliwaki.

Asubuhi nilivaa shati jeupe, nikageuza ufunguo. Likahangaika tu, nye-nye-nye-nye, halishiki. Nikachomoa rilei, nikaipima. Nzima! Nikaipuliza moto. Nzima! Nikairudisha. Nye-nye-nye-nye. Mke wangu, kashavaa, kashika mkoba, akasema kabla sijalitengeneza lilikuwa linafika walau makutano. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Akampigia Bwana Kamili. Akaja kabla simu haijapoa, wakaondoka. Niliyaangalia yale magurudumu yake yanayong'aa mpaka yakapinda kona. Naandika ukweli: nililia kidogo. Siku moja tu niliyoitaka katika mwaka mzima, na nimebaki uani na shati jeupe.

Waliporudi nilikuwa bado nimeinamia boneti, kwa aibu zaidi kuliko kazi. Mama mkwe akashuka mwenyewe, akakataa mkono wa Bwana Kamili. Bandeji imetoka. Anaangalia kila kitu! Akasema kumbe gari langu ni la kijani, miaka yote alidhani la kijivu. Akasema nimeota mvi ndevuni na hakuna aliyemwambia. Kisha akauliza nini kimemzuia mwanawe kuja. Nikamwonyesha mkebe.

Hakucheka! Alikuwa wa kwanza kutocheka. Akaupakata mkebe, akabonyeza kitufe, taa ikawaka, akapiga kelele ya furaha. Akabonyeza tena na tena. Akaniuliza kila kitu kimoja kimoja, na kile kidude cha buluu je, kizuri hivyo? Nikamwambia fyuzi, nimeitoa pale. Akainama chini ya usukani kwa jicho lake jipya, akazitazama nyekundu, njano na kijani, akasema hapa kuna pengo kama la mdomo wake.

Bwana Kamili akaanza kuchunguza viatu vyake.

Juu ya kifuniko cha kile kisanduku, kwa maandishi madogo, pengo lile lina jina. Pampu ya mafuta.

Nikairudisha fyuzi. Nikageuza ufunguo. Likawaka mara moja, likatulia, halijawahi kutulia vile! Mama mkwe akapanda mbele bila kukaribishwa. Akasema kutoka hospitali alibebwa tu, sasa ndiyo anatembezwa. Tukazunguka mtaa mzima, tukapita makutano, injini ya moto, halikuzima. Bwana Kamili alikuwa nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Mama akawa anasoma kila kibao kwa sauti. Mke wangu aliniwekea mkono begani kutoka nyuma, akauacha pale mpaka nyumbani.

Na rilei ilikuwa mbovu kweli! Kipimo hakikukosea hata mara moja. Hilo nataka liandikwe.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe anamsimulia kila anayepiga simu habari za mkwewe mwenye mikono. Kesho asubuhi anarudi hospitali kuangaliwa jicho, na ameapa hapandi gari lolote ila langu. Bwana Kamili ameipokea habari hiyo kwa tabasamu, ila limemkaza kidogo.

Jambo moja tu. Friji imeanza kunguruma. Mke wangu anataka kumwita fundi. Fundi! Wa nini, na kipimo kipo? Kimepungukiwa fyuzi tu, na moja ya buluu najua ilipo. Gari halina safari mpaka kesho. Nitaiazima leo tu.