Ombi la Kuzuia Watoto Kutembea Saa za Kazi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Posho ya Malezi,
kupitia dirisha namba mbili, kwa karani mwenye sweta.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: WATOTO WANAOFANYA MAMBO KWA MARA YA KWANZA WAKATI WAZAZI WAO WAKO KAZINI

Natanguliza heshima zangu, na pole kwa kazi, maana foleni ya ofisini kwako nimeshaipanga na uzito wake naujua. Mimi ni mama wa watoto wawili. Kazi yangu ni kukunja mashuka katika chumba cha dobi cha hospitali, Jumatatu hadi Jumamosi, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mume wangu ni dereva wa lori, na kwake nyumbani ni mahali pa kubadilishia shati. Naandika leo Jumapili mchana nikiwa na akili timamu, ingawa jirani yangu Mama Mapacha, aliyekaa hapa mkekani na watoto, anasema hilo la akili timamu nisiliandike kwa kuwa sina ushahidi.

Nina mtoto wa kiume wa miezi kumi na moja. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu kila aendako hubebwa, kila akifika hupigiwa makofi, na hajawahi kumaliza jambo lolote alilolianzisha. Huyu ndiye sababu ya barua hii. Wiki iliyopita alianza kusimama dede. Anashika ukingo wa kitanda, anaachia mkono mmoja, anatutazama kama anangoja hoja iungwe mkono, kisha anakaa chini kwa makalio. Ndugu Mkuu, wewe ni mtu mzima na unajua kinachofuata baada ya dede. Ni siku yoyote kuanzia sasa, na siku yoyote mimi niko kazini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipokuja kuomba posho, karani wako aliigonga fomu yangu muhuri wa ANA UWEZO. Nikamuuliza, uwezo wa nini? Akanijibu kwa upole kwamba ni uwezo wa kufanya kazi. Nikamwambia mwanangu naye ninao uwezo wa kumlea, tena nimeanza naye tangu akiwa tumboni. Akasema mama, chagua moja, nyuma yako kuna watu. Nikachagua kuondoka. Tangu siku hiyo najiona tajiri ovyo ovyo. Nikikosa sabuni najikumbusha kuwa nina uwezo, lakini nguo hazitakati kwa hilo.

2. Mama Mapacha anapata posho, kwa sababu hana ajira, na ana watoto wawili wa mwaka mmoja na nusu. Simwonei kijicho. (Amesoma hapa akacheka. Basi, namwonea kidogo.) Kinachonichoma ni kwamba yeye huona kila kitu. Aliona pacha wa kwanza akitembea, na dakika tano baadaye akamwona wa pili naye akiinuka, kwa wivu tu. Sasa anaona na ya kwangu, kwa kuwa Mheshimiwa hushinda kwake. Jino la kwanza lilitoka Jumanne saa nne asubuhi. Kupiga makofi alianza Alhamisi. Neno lake la kwanza hakuniambia mimi; alimwambia paka wa jengo letu, na neno lenyewe lilikuwa "toka", kwa kuwa ndilo Mama Mapacha humwambia paka huyo tangu asubuhi hadi jioni. Nilipofungua mlango jioni, nimebeba mkate na mapenzi yangu yote, mwanangu wa kumzaa akanitazama usoni akaniambia toka.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nakubali. Lakini wahenga hawakuwa na daftari la mahudhurio lenye wino mwekundu kwa wachelewaji.

3. Kuhusu malipo ya jirani yangu kwa kumtunza mwanangu: hayapo. Kanuni yenu inasema mpokea posho akilipwa chochote, posho inakatwa. Kwa hiyo Mama Mapacha halipwi. Anashukuriwa. Anashukuriwa kila Jumamosi kwa sukari, unga, mafuta, na mwezi uliopita alishukuriwa kwa sufuria. Naomba kifungu hiki mkifunike kama kombe ili mwanaharamu apite, na kama mkaguzi wenu yupo karibu, mtumeni chai.

4. Tukimtaja mkaguzi. Alikuja mwezi jana kuhakiki wapokea posho. Alimkuta Mama Mapacha ana pacha mmoja mgongoni, mwingine amemng'ang'ania mguu, mkono mmoja unasuuza nepi na mwingine unamtoa Mheshimiwa ndani ya ndoo. Mkaguzi akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu, "Sifanyi kitu, ndugu yangu, niko nyumbani tu." Mkaguzi akaandika: HAFANYI KITU. Alipotaka kuondoka akakuta Mheshimiwa amemjazia maharage kwenye kiatu cha kushoto, yote mabichi, yaliyokwisha kuchambuliwa.

Siku hiyo hiyo, Ndugu Mkuu, kwenye chumba cha dobi umeme ulikatika saa mbili asubuhi ukarudi saa nane. Nilikaa juu ya rundo la mashuka na mwenzangu wa kukunja, mama mmoja tunayemwita Bibi Kona kwa jinsi kona zake zinavyokutana. Tukapiga soga, tukanywa chai, nikasinzia kidogo nikaota niko kazini. Msimamizi akaandika daftarini: AMEFANYA KAZI.

Sina la kuongeza hapo. Nimeliandika ili uamue mwenyewe.

5. Lalamiko hili si langu, ni la Mama Mapacha, ambaye ameona haiwezekani niandike ukurasa mzima juu yake bila yeye kutia neno. Anasema posho yenu anaipokea na anashukuru, lakini ananionea wivu. Anataka siku moja akae kwenye kiti. Anataka kikombe cha chai akinywe kikiwa cha moto, tangu mwanzo hadi mwisho, bila mtu kutumbukiza kiatu ndani. Anataka azungumze na mtu anayejua kujifutia kamasi. Shemeji yake humuuliza kila akija, "Kwani shemeji, siku nzima unafanya nini?" naye hana jibu, kwa sababu jibu linahitaji dakika kumi za utulivu na hajazipata tangu mapacha wazaliwe. Nimemwambia aandike barua yake. Ameniuliza saa ngapi.

6. Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kukunja shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili. Mimi nashika kona mbili, Bibi Kona anashika mbili, tunalinyoosha, kisha natembea kumwendea mpaka mikono yetu ikutane, narudi nyuma, natembea tena. Nafanya hivyo kutwa nzima. Namwendea Bibi Kona mara mia na zaidi kwa siku, ninamheshimu sana, ila si yeye ninayetaka kukutana naye. Binti yangu mkubwa, ambaye sasa anasoma shule, alitembea mara ya kwanza siku ya Jumatano. Niliambiwa. Nilipofika jioni alikuwa anazunguka chumbani kama mwenye nyumba, nikapiga vigelegele kama mgeni aliyechelewa harusini. Huyu Mheshimiwa ndiye wa mwisho. Mimi na baba yake tumekubaliana kiwanda kimefungwa. Hakuna mwingine atakayetembea mara ya kwanza ndani ya chumba hiki. Nikimkosa huyu, nimekosa wote.

Kwa sababu hizo, naiomba ofisi yako yafuatayo, nikianzia na lililo rahisi:

(a) Itungwe kanuni kwamba mtoto yeyote wa mzazi mwenye uwezo asifanye jambo lolote kwa mara ya kwanza kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, siku za kazi. Meno yaruhusiwe, kwa kuwa jino likishatoka linakaa na mzazi atalikuta.

(b) Mtoto atakayekaidi akalishwe chini papo hapo, apewe kijiko cha kuchezea, na shahidi aliyeona asitangaze. Nimemuuliza Mama Mapacha kama ataweza kunyamaza. Amesema atajitahidi mpaka nifike getini.

(c) Ikiwa (b) itashindikana, serikali itume afisa wa kumshika Mheshimiwa mabegani, kwa upendo, mpaka nitoke kazini. Najua utauliza: na kama afisa huyo naye ana mtoto mchanga? Nimeliwazia hilo. Atakuwa kazini akimshika wangu, na wake atakuwa nyumbani akisimama dede. Basi atumiwe naye afisa wa kumshika wa kwake. Na huyo wa pili atumiwe wa tatu. Kwa hesabu yangu, maafisa wote wa wilaya watakuwa wameshika watoto ifikapo Ijumaa, na wa mwisho kushikwa atakuwa mjukuu wako, ambaye karani mwenye sweta ameniambia ana miezi kumi na ni mnene. Wewe mwenyewe hapo ofisini, Ndugu Mkuu, utaletewa habari zake na mtu wa dirisha namba mbili. Utasema ahsante, utarudi kwenye faili, na faili hutaliona vizuri.

(d) Au, kama yote hayo ni mengi, nipewe posho ya majuma matatu tu. Majuma matatu, si zaidi. Nitakaa naye sakafuni, na siku atakayoinuka nitakuwa mbele yake nimefungua mikono. Kesho yake alfajiri nitarudi kwenye mashuka, na sitawaomba kitu tena mpaka nizeeke. Fomu mnaweza kuigonga muhuri wowote mnaoutaka. Nalilia hili tu, na ningekuwa na haya nisingeliandika, ila haya nimeiacha kwenye foleni yenu.

Nimalize kwa kumsalimu karani na sweta lake, mkaguzi na mguu wake wa kushoto, walinzi wa getini, na yule mzee wa kufagia aliyenipisha kivulini. Mjukuu wako umbusu kwa niaba yetu, na umwambie asiwe na haraka. Mama Mapacha anakusalimu. Mapacha wanakusalimu, mmoja kwa mkono, mwingine kwa mate kwenye kona ya karatasi hii.

Ni mimi, katika kungoja jibu,
Mzazi Mwenye Uwezo

Baada ya sahihi: Ndugu Mkuu, naomba barua hii isifanyiwe kazi.

Nilipokuwa nikiandika kile kipande cha majuma matatu, nilihisi kimkono kwenye goti. Bila kuinua kichwa nikasema, "Subiri kidogo baba, mama anaandika barua ya muhimu." Nikaendelea. Nikawasalimu watu wote hao uliowasoma, mpaka mfagiaji, nikatia sahihi. Ndipo nikagundua chumba kimekuwa kimya, na kwetu hakuna ukimya. Mama Mapacha alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mheshimiwa amekuja kutoka kitandani hadi mezani kwa miguu yake, peke yake, bila kushika kitu. Jirani anasema alipofika alisimama hapo akitabasamu kwa muda mrefu, akingoja, halafu akakaa chini.

Mtoto hakukosea chochote. Ni Jumapili, saa tisa alasiri, mama yake yupo nyumbani, tena hatua chache tu kutoka kwake. Msimamizi hakuniita, karani hakunizuia, wala serikali haikuwamo chumbani. Aliyemwambia asubiri ni mimi.

Mama Mapacha ameapa kwamba alinipungia mkono mpaka bega likamuuma, lakini hakutaka kupiga kelele akamwangusha. Nimelia, kisha nikacheka, kisha tukacheka wote mpaka mapacha wakaogopa. Nimemrudisha Mheshimiwa kitandani mara nne aanze upya. Mara zote nne amekaa chini na kukitazama kitanda kama kazi aliyokwisha kuimaliza.

Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu stempu nimeshabandika. Ila sikuongezei neno. Naiweka kalamu chini, amesimama tena.