Lenzi ya Baba na Kamera ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Kufua nguo za watu, basi! Mikono imechubuka. Binti yangu, miaka miwili na nusu, anashinda kwa jirani na sasa jirani ndiye mama. Mimi ananiita dada. Nimelia kidogo, nikaendelea kufua.
Shule ya chekechea inatafuta mpiga picha. Majaribio Alhamisi. Nikipata, nitakwenda naye kazini, nishinde na mwanangu. Shemeji kaniazima kamera yake mpya, haina lenzi. Lenzi ninayo, ya marehemu baba. Kazi imekwisha!

Jumanne, 5 Machi
Haiingii. Nimeizungusha, nimeibembeleza, nimeipaka mafuta ya mtoto. Mama mkwe kapita, kauliza kama nafungua chupa. Nikaitikia, ndiyo, mama. Heshima.
Fundi kamera kasema mdomo wa kamera na kitako cha lenzi havijuani, vimepishana miaka arobaini. Akaniambia: dada, uza hii, ununue inayolingana. Niuze lenzi ya baba! Nikamuaga vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata pete ya kuunganishia: huku inashika kamera, huku lenzi. Fundi kaonya kwamba pete inaisukuma lenzi mbele, kwa hiyo vya karibu vitaonekana, vya mbali vitakuwa ukungu. Nikamjibu kuwa watoto wa chekechea ni wadogo.
Nimempiga binti picha akiwa amelala, pua kwa pua. Kila ukope unahesabika. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi
Watoto arobaini, safu nne, mwalimu mkuu nyuma katikati. Ukungu mtupu! Nikasogea. Mtoto mmoja akaonekana, wengine wakatoka nje ya picha. Nikarudi nyuma: ukungu. Nikaenda, nikarudi, watoto wakadhani ni mchezo, wakaanza kunifuata. Mpinzani wangu, mwenye studio tunayemwita Bwana Tabasamu, kaniuliza kwa upole kama nimeangusha kitu.
Mwalimu mkuu kaitazama picha, kauliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha wingu la bluu.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi kapewa Bwana Tabasamu. Nimefua mashuka sita. Jioni nimemchukua binti, akamlilia jirani njia nzima. Nikampakata, nikamwambia bila kucheka: mimi ndiye mama. Akanifuta shavu. Akasema, ndiyo, dada.

Jumamosi, 9 Machi
Mungu mkubwa! Fundi ana kamera kuukuu kabatini, rika moja na lenzi ya baba. Imeingia, tak! Tumebadilishana papo hapo, nimempa ile ya shemeji. Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Watu hawapendi kuona mwenzao akiendelea. Shemeji nitamweleza siku akiwa ametulia.
Hii inatumia filamu, ule mkanda wa picha wa zamani. Nimeuliza maduka matatu, hawauzi tena. La tatu wamemwita mwenye duka atoke ndani aje anisikie mwenyewe. Jumatatu najaribu la nne. Shule itatafuta tena mpiga picha mwakani, na mimi nitakuwa tayari.