Alama kwenye Kisanduku cha Pili

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Tutafungua akaunti ya fedha za kigeni. Mimi na Mama. Mama bado hajui.

Sababu ni miguu yake. Juzi alikuja kama ajavyo kila mwisho wa mwezi, mshahara ameufunga kwenye kitambaa, viatu ameshika mkononi. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya mpakani saa nne nzima. Kule ng'ambo anapiga pasi mashuka ya hospitali, wima kutwa, halafu siku ya mapumziko anasimama tena!

Mpango: aziweke benki kulekule, ziingie huku zikiwa fedha zilezile za kule, tuzibadilishe siku tutakayo. Yeye alale. Nimemaliza shule, nina miaka kumi na minane na kitambulisho kipya. Ninachokosa ni ujasiri wa kuongea na watu tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda benki. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mara ishirini. Dada mwenye miwani wa dirisha la tatu akaniuliza anisaidie nini. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba. Nikamwambia shikamoo tena. Akaitikia tena, safari hii akavua miwani anitazame vizuri. Nikachukua kipeperushi cha mikopo ya matrekta, nikaondoka.

Nimekisoma chote. Matrekta ni ghali.

Jumatano, 5 Juni

Kosa kubwa: nimemwambia binamu yangu, yule tunayemwita Waziri kwa kupenda kutoa maagizo. Alicheka mpaka akakaa chini. Eti mimi ninayeogopa kuomba chumvi dukani ndiye nitakayeomba fedha za kigeni? Jibu zuri la kumkata maini nimelipata. Saa mbili baada ya yeye kuondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Mbinu mpya. Nimeandika maswali yote kwenye karatasi, nikaisukuma dirishani bila kusema neno. Dada wa miwani akasoma, akanitazama kwa huruma, akanijibu kwa kuandika! Kumbe amedhani mimi ni bubu. Bibi mmoja kwenye foleni akanipisha kiti. Nifanyeje? Nikakaa.

Kisha simu ikaita. Waziri. Nikasema haloo.

Foleni nzima ikageuka. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini dada wa miwani alicheka mpaka machozi, akaniambia basi mdogo wangu, kama sauti imerudi tuitumie. Akanieleza polepole: vitambulisho vyetu wote wawili, picha, barua ya mwajiri wa Mama, na kwa kuwa anaishi ng'ambo, wakili wa kule ashuhudie sahihi yake na kupiga muhuri. Nimejibu ndiyo mara tisa. Zote kwa sauti.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempigia Mama. Nikamweleza yote. Kisha akauliza, yaani umeingia benki peke yako? Akauliza tena. Mara nikamsikia akiwatangazia wenzake wote wa chumba cha pasi. Vigelegele! Fomu nimeituma kwa basi la vifurushi. Leo najiona mrefu.

Jumatano, 19 Juni

Fomu imerudi. Imenyooka kabisa. Nadhani ameipiga pasi. Sahihi ipo, muhuri upo. Sehemu moja ameiacha wazi: maagizo ya kutoa fedha. Kisanduku cha kwanza, mmoja wetu akitia sahihi inatosha. Kisanduku cha pili, lazima tufike wote wawili kila mara. Pembeni ameandika kwa penseli kwamba hapo nijaze mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wetu.

Nilikuwa nimeshainua kalamu. Bibi yangu ninayeishi naye, akichambua mchele, akasema haya mke mwenzangu, mwanangu sasa atapumzika, tutakuwa tukimwona kwa mwaka mara moja.

Sikuwa nimeliwaza hilo. Hata kidogo! Wiki mbili na ushee nimewaza miguu yake, sikuwaza kwamba miguu hiyo ndiyo inayomleta.

Nimetia alama kisanduku cha pili. Siwezi kusingizia kalamu.

Jumatatu, 24 Juni

Akaunti imefunguliwa. Waziri ameomba kuiona namba yake, akaishika karatasi kwa mikono miwili. Hakucheka. Nilingoja siku hii kwa hamu, lakini chakula nimekirudisha jikoni. Bibi anadhani ni furaha.

Ijumaa, 28 Juni

Mama amepiga. Fedha ameshaziweka. Mwezi huu haji, atalala mpaka mgongo ulalamike. Nikatoe kiasi, ninunue dawa za shinikizo la damu za Bibi. Dawa zilizobaki ni za kesho tu.

Nimekwenda mbio. Dada wa miwani akaniwekea kidole kwenye kile kisanduku. Nimempigia Mama, nikamwambia benki wanamtaka. Akauliza kwa nini. Nikasema mtandao. Mtandao! Akasema atapanda basi la kwanza.

Jumamosi, 29 Juni

Alifika benki saa sita kasoro dakika kumi. Saa sita wanafunga. Dada wa miwani akaigeuza fomu amwonyeshe. Mama akaitazama ile alama kwa muda mrefu. Alama zangu anazijua tangu daftari za darasa la kwanza.

Nikasubiri kugombezwa. Akaomba tu fomu ya kubadilisha maagizo, akatia alama kisanduku cha kwanza, akanipa kalamu. Dawa tumenunua.

Tulipokaa kwenye ngazi za benki apumzike, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mdomo ninao na simu ninayo, na kusema nimekukumbuka, njoo, hakuhitaji muhuri wa wakili. Akauliza, kwani yeye ni bahasha, kazi yake kuleta pesa tu? Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja, mikono mitupu ikibidi. Anakuja kwangu.

Nyumbani nikamkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Nikalia ndani ya beseni. Mama akasema basi mwanangu, chumvi imetosha.

Nimemwahidi: kuanzia leo nitakuwa nasema waziwazi.

Jumatatu, 1 Julai

Mama alirudi ng'ambo jana. Leo asubuhi nimempigia nimwambie waziwazi kwamba nimemkumbuka. Alipopokea nikamuuliza kama kule kuna mvua. Akasema hakuna. Akasubiri. Nikasema hata huku hakuna.

Nikapita benki kumsalimia dada wa miwani. Ameniambia akaunti yetu inaweza kupata kadi ya mashine ya kutolea pesa. Inakuwa tayari Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, mwezi haujafika hata nusu! Sharti ni moja: wenye akaunti wote wawili waje wenyewe kuichukua.

Nimejaza fomu mbili. Moja inaweza kupotea.