Vioo au Mabati

Jumatatu, 4 Machi

Barua mbili kwa siku moja!

Ya kwanza ni ya Chuo cha Mabati. Jina hilo nimekipa mimi, kwa kuwa karakana yao imeezekwa mabati na mvua ikinyesha mhadhiri hunyamaza mpaka itulie. Wamenipa nafasi ya uzamili wa usanifu majengo, pamoja na ufadhili kamili. Nikapiga miayo.

Ya pili ni ya Chuo cha Vioo. Hicho sasa ndicho chuo! Jengo lao ni kioo kitupu, limeinama upande, na watu hulipa ada ili waelezwe kwa nini halijaanguka. Ufadhili hawana. Nafasi pia hawana: mimi ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Akijitoa mmoja, naingia.

Ada si tatizo. Shangazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameahidi kulipa. Kinachohitajika ni huyo mmoja ajitoe.

Saa nne amejitokeza. Ni mchoraji mwenzangu wa meza ya pili hapa ofisini, tunayemwita Milimita kwa sababu hupima hata mkate kabla ya kuukata. Amechaguliwa Vioo! Ametutangazia kwa unyenyekevu wa kuudhi. Nimempongeza, meno yote nje.

Jumanne, 5 Machi

Mchumba wangu, mpima ardhi, amepata kazi jirani na Mabati. Vioo ni safari ya siku nzima kwa basi. Ameniuliza kwa upole nimeamua nini. Nikasema Mabati, bila shaka, kwa ajili yake. Machozi yakamlengalenga. Ni uongo mdogo, wa wiki moja tu, mpaka nipate maneno mazuri ya kumweleza kwamba umbali hukomaza penzi.

Mchana nikamvuta Milimita pembeni. Nikamwambia, kwa moyo wa udugu, kwamba nimesikia mambo ya kutisha kuhusu Vioo. Akatoa macho. Akaniomba nimwandikie, maana yeye haamini kitu ambacho hakiko kwenye karatasi.

Karatasi anataka? Ataipata.

Jumatano, 6 Machi

Kurasa tatu. Vichwa vya habari. Grafu!

Nimeandika kwamba wanafunzi wa Vioo hulala chini ya meza za kuchorea. Kwamba wahadhiri huchana michoro mbele ya wazazi. Kwamba wahitimu wao huchora nyumba zisizo na choo, eti choo huvunja mtiririko. Chanzo cha habari: mtu wa kuaminika. Mtu huyo ni mimi.

Milimita amesoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Akasema hajawahi kupata rafiki kama mimi. Ni kweli kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Amejitoa! Saa tano Vioo wakaniandikia kwamba nafasi ni yangu. Saa tano na dakika kumi nikawaandikia Mabati kwamba siitaki yao. Sentensi moja. Sikuona haja ya adabu ndefu.

Bosi ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu kwenye mchoro wa mfereji wa maji machafu. Nikasema naipenda kazi yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa!

Milimita alitumwa dukani kwa Shangazi kuchukua kadi za rangi. Akiwa anasubiri, akamsomea taarifa yangu. Yote. Na akamwambia kwa fahari nani ameiandika.

Shangazi amenipigia simu akilia kwa furaha. Anasema nimemwokoa. Kumbe alikuwa anakaribia kuzipeleka fedha zake kwa wachana michoro! Basi hatalipa ada ya Vioo hata senti. Ataongeza ghorofa juu ya duka, na ramani nitamchorea mimi. Bure, kwa kuwa ni damu moja.

Nikajaribu kusema labda nilitia chumvi kidogo. Akasema unyenyekevu huo nimerithi kwa marehemu kaka yake. Kisha akasisitiza choo kisisahaulike.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi nilipanga kuwapigia Mabati na kudai kwamba barua ile iliandikwa na adui yangu. Sikuwahi. Milimita aliingia akiruka. Amepata Mabati, alikokuwa kwenye orodha ya akiba, na ufadhili kamili! Anasema kuna mtu aliukataa Alhamisi, mjinga gani sijui. Nikasema hata mimi namshangaa.

Saa saba mchumba wangu akatokea ofisini na ufunguo. Amepanga nyumba ya vyumba viwili, dakika tano kutoka Mabati, ili nisichoke kutembea. Kabla sijapumua, Milimita amekuja mbio. Karani wa Mabati amemtajia jina la aliyekataa. Akanishika mkono mbele ya mchumba wangu na kunishukuru kwa kumwachia ufadhili.

Mchumba wangu akaniangalia. Akaurudisha ufunguo mfukoni. Akatoka bila kufunga mlango.

Jumatano, 13 Machi

Siku mbili hapokei simu. Nimemfuata kazini. Alikuwa ameinama kwenye darubini yake ya kupimia, katikati ya kiwanja kitupu. Nikamweleza kila kitu, hata grafu. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

Mwisho akasema, "Ungeniambia unataka kwenda, ningekubebea mizigo mpaka stendi."

Nilikaa kwenye rundo la vigingi vyake nikalia kweli, si kile kilio cha kuigiza nilichokizoea. Baada ya muda mrefu akanipa kitambaa chenye vumbi. Anataka muda.

Ijumaa, 15 Machi

Milimita tena! Amekwenda Mabati kuniombea, bila kutumwa. Mkuu wa idara amesema ufadhili ndio basi, lakini kuna darasa la jioni, na ada nitajilipia kwa mshahara. Nimekubali. Vioo nimewaaga. Nilimwambia Milimita ukweli wa taarifa ile. Akauliza kama na grafu ni ya uongo. Hiyo ndiyo iliyomuuma.

Nimeapa. Kuanzia leo ni ukweli mtupu. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 18 Machi

Siku ya kwanza darasani. Mchumba wangu amenisindikiza mpaka getini. Hakunishika mkono, ila alinibebea bomba la michoro. Nimeridhika. Nina amani ambayo sijawahi kuwa nayo.

Darasa letu lina meza ishirini, na moja tu iko dirishani. Mwanga mzuri, upepo mzuri. Mama mmoja wa makamo, fundi umeme, alikuwa ameshaweka begi lake pale.

Nimemnong'oneza, kwa huruma tu, kwamba meza ile ina kunguni.

Amenishukuru sana. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Wapuliza dawa wamefika saa kumi na mbili, na darasa limefungwa kwa wiki mbili.

Haidhuru. Likifunguliwa, meza ni yangu.