Nembo ya Mikate na Yule Injinia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeiwekea kompyuta ya karakana yetu ya ushonaji mfumo mpya. Mwenyewe! Mke wangu alikuwa ameenda bekari kupima vifua na viuno vya wafanyakazi, mama mkwe anasinzia kwenye kiti chenye mto, nikaona hapa hapa. Ule mfumo wa zamani ulikuwa unanitia aibu. Tangu Injinia alipokuja na kompyuta yake ya mkononi na kumwonyesha mke wangu inavyowaka kabla hujakaa vizuri, mke wangu hajaacha kuisifu. Eti nyepesi. Eti ina kasi. Eti kioo chake safi. Cha kwetu nakifuta kila asubuhi na sijawahi kusikia neno.

Injinia ni nani? Alisoma darasa moja na mke wangu. Hilo jina la Injinia kapewa na mama mkwe. Mimi mama mkwe ananiita "huyu".

Mchana mfumo ukawa umeshaingia. Mzuri mno! Rangi tupu. Nikaiwasha mashine ya kudarizi, nikafungua programu ya kuchorea nembo ili nimpokee mke wangu na kazi tayari. Programu ikagoma. Ujumbe ukasema haiendani na mfumo huu. Mashine nayo kimya. Tuliinunua ikiwa kuukuu, na programu yake ni ya umri huo huo; zote mbili zilikuwa zimezoeana na mfumo wa zamani, na mimi nimeufuta.

Mke wangu aliporudi akauliza mbona kompyuta inaonekana tofauti. Nikamwambia ni mwanga wa dirishani.

Akaniambia bekari wanataka aproni zao zenye nembo Jumamosi, duka lao jipya linafunguliwa Jumatatu. Zikiwapendeza, matawi yao yote yatashonewa kwetu. Zikiharibika, yeye atafunga karakana arudi kushona vifungo vya majirani. Alisema hivyo huku ananitazama mimi. Kwa nini mimi?

Jumanne, 4 Machi

Ameshajua. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, akainuka akaanza kufagia. Afadhali angefoka.

Nikamwomba anipe siku moja tu. Kuna njia ya kuidanganya programu ya zamani: unaingia kwenye sifa zake, unachagua ijifanye bado iko enzi zake. Nikachagua. Ikafunguka! Nilipiga ukelele, mama mkwe akazinduka akauliza nani kafariki. Ikajifunga.

Nikahamia kwenye kebo. Kebo ya mashine inapita kwenye kiunganishi kidogo cheusi ndipo iingie kwenye kompyuta, na kiunganishi hicho kinahitaji draiva, yaani kijiprogramu cha kukitambulisha. Draiva nayo ni ya zamani. Nikaiweka, ikakataliwa. Nikaitoa, nikaiweka tena, nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikaichomeka kwa nguvu. Kompyuta ikasema imeona kifaa kisichojulikana. Kisichojulikana! Kimekaa nasi miaka yote hii.

Mke wangu akachukua simu akampigia Injinia. Mbele yangu. Alicheka kabla hata salamu hazijaisha. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: roho iliniuma. Mimi nikisema jambo la kuchekesha huwa ananiuliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: Injinia hawezi kutengeneza kisichokuwepo. Asubuhi na mapema nilikichukua kile kiunganishi cheusi nikakifukia ndani ya kopo la vifungo. Kazi ya dakika moja. Akili nyingi.

Akaja. Shati limenyooshwa, manukato mpaka mlangoni. Akanisalimia, "Shemeji, habari za hapa?" Shemeji yake kwa upande gani? Alioa kwetu? Mama mkwe akasimama, mama mkwe ambaye hasimamii mtu, akampa kiti chenye mto.

Akauliza kiunganishi kiko wapi. Tukakitafuta wote. Mimi niliongoza msako. Nililala chali chini ya meza, nikapekua mabaki ya vitambaa, nikatoka jasho la kweli. Injinia akasema tusijisumbue, akatoa kipya mfukoni, cha aina ambayo mfumo mpya unaitambua bila draiva. Alikuwa nacho tangu anatoka kwao! Kwa nini hakusema?

Halafu mke wangu akafungua kopo atafute kifungo cha shati, akakitoa cheusi chenye mkia. Nikasema panya hao. Mama mkwe akasema ndiyo, na panya mwenyewe amevaa suruali.

Kuhusu programu, Injinia hakuidanganya kama mimi. Alijenga kompyuta ndani ya kompyuta. Yaani ndani ya mfumo mpya kuna dirisha, na ndani ya dirisha hilo mfumo wa zamani unaishi kama zamani, haujui kama dunia imebadilika. Programu yetu ikafunguka humo, imetulia, kama iliyorudishwa kwao. Mashine ikaitika. Mke wangu alipiga makofi. Ilikuwa kazi nzuri sana, nilitamani kulia, na nilitamani pia umeme ukatike.

Wakati wa kuondoka Injinia akanivuta pembeni. Akasema, shemeji, majina ya faili yawe mafupi na yatofautiane mwanzoni, kwa sababu kile kioo kidogo cha mashine kinaonyesha herufi nane za mwanzo tu. Tusije tukachanganya kazi. Nikamjibu kwamba hilo linajulikana. Nilikuwa silijui. Ndiyo maana liliniudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Injinia kasifiwa kifungua kinywa, kasifiwa chakula cha mchana. Mama mkwe anasema watu kama wale wameadimika. Nikakumbusha kwamba mfumo mpya niliuweka mimi, na kwamba nisingeuweka, Injinia angetengeneza nini? Mama mkwe akaomba chumvi.

Nimechora nembo yangu. Ndani ya lile lile dirisha lake! Maandishi mekundu, herufi nene: MUME NDIYE FUNDI, INJINIA NI MGENI TU. Nitaidarizi kwenye kitambaa kimoja kizuri, nikitundike juu ya mlango wa karakana. Akija tena akisome kabla hajavua viatu. Nimeipa faili jina la kuficha: NEMBO YA MAJARIBIO. Ile ya bekari, mkate unaofuka moshi na jina la duka chini yake, nimeipa NEMBO YA MIKATE. Majina kamili, ya kueleweka. Mimi sifupishi jina la kitu kwa sababu mtu mwenye manukato ameniagiza.

Zote mbili nimezituma kwenye mashine. Kabla sijaanza kudarizi changu, mke wangu akaingia. Nikajifanya napangusa sindano. Akanishukuru. Nilifurahi kiasi cha kusahau nilikuwa nafanya nini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu! Mke wangu alipanga nyuzi, akaniwekea aproni zote mezani, akasema leo nisimamie mashine mwenyewe kwa sababu ana mazungumzo. Nikauliza na nani. Akasema na Injinia, amepita kuhakikisha mambo yako sawa.

Wakakaa barazani. Dirisha la karakana linatazama barazani.

Kioo cha mashine kilionyesha NEMBO YA, na chini yake NEMBO YA. Nikachagua ya juu. Mtu hawezi kusitasita siku nzima. Vichwa vinne vya mashine vikaanza kwa pamoja, tak-tak-tak, muziki mtupu. Jicho moja niliweka kwenye mashine. Hapana, niseme kweli: yote mawili yalikuwa barazani. Mke wangu alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, Injinia anaitikia kwa kichwa. Anaongea nini? Mbona amemshika mkono wa shati? Mashine ilipomaliza niliondoa fremu inayobana aproni kwa kupapasa, nikaweka nyingine kwa kupapasa. Mikono inajua kazi. Injinia akacheka. Mke wangu akaweka kidole mdomoni, kumnyamazisha. Kumnyamazisha! Nilijichoma sindano na sikusikia maumivu.

Mke wangu akaniuliza kwa mbali kama inakwenda. Nikajibu safi.

Nilizikunja mwenyewe, upande wa nembo ndani ili nyuzi zisikwaruzwe, kama anavyotaka yeye. Nikazifunga kwenye mifuko mwenyewe, asije mtu akasema Injinia alinisaidia. Mke wangu alipokuta mizigo imefungwa tayari alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi. Akasema, "Leo umenifurahisha, mume wangu." Nimeyaandika maneno hayo hapa ili yasipotee.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulifika bekari wote watatu, kwa kuwa Injinia ana gari. Meneja ni mama wa sauti kubwa, akaninyakua mkono mbele ya wafanyakazi wake wote. Akasema amesikia habari zangu! Amesikia kwamba mashine ilishakufa nami nikaifufua, usiku na mchana, kwa akili yangu, bila msaada wa mtu. Nikauliza kasikia kwa nani. Akasema kwa huyu huyu aliyetuleta, alimpigia simu jana jioni. Nikamtazama Injinia. Akatazama mikate.

Hapo Meneja akafungua mfuko.

Akasoma kimya. Akasoma kwa sauti. MUME NDIYE FUNDI, INJINIA NI MGENI TU. Akafungua ya pili, ya tatu. Akauliza mume gani. Akauliza Injinia gani. Msichana mmoja wa kuoka keki akasema yeye hajaolewa, sasa huyu mume wa kifuani kwake atamwelezaje kwa mama yake. Wenzake wakaangua kicheko. Injinia naye alicheka, mpaka akashika meza. Mke wangu hakucheka. Alikunja aproni moja moja, taratibu, akazirudisha kwenye mfuko, akamwomba Meneja ampe kesho tu. Meneja akasema kesho jioni, la sivyo kuna fundi mwingine anayesubiri.

 Nyumbani ndipo mke wangu akasema. Kwamba jana barazani alikuwa anamwomba Injinia amweleze Meneja kwamba kazi yote ni yangu, ili matawi yote yakija nipewe heshima yangu na niache kununa. Injinia alikubali pale pale. Akacheka kwa sababu alitaka kuniambia, mke wangu akamzuia, iwe zawadi.

Akaniambia, "Mimi sijawahi kukulinganisha na mtu. Ni wewe tu unayepima." Akaingia chumbani akafunga mlango. Nilibaki barazani na viatu vyangu. Niliona haya ya kweli, haya ya kutamani kuwa mtu mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Tumeokoka! Kufumua ilishindikana, kitambaa kingebaki na matundu. Mke wangu ndiye aliyegundua: tudarizi mkate kwenye vipande vipya, halafu kila kipande kishonwe juu ya maandishi yangu, kama kiraka kizuri. Faili likaitwa MKATE. Herufi tano. Injinia alisimamia mashine, mke wangu akashona, mama mkwe akakata nyuzi. Mimi nilikabidhiwa kazi ya kushika pasi, na kukatazwa kugusa kingine chochote.

Niliomba radhi mbele ya wote. Nilimwambia Injinia yeye ni ndugu. Akasema yameisha, shemeji. Safari hii neno halikunichoma. Nilimwambia mke wangu kwamba wivu na mimi basi, nimeutupa, autafute jalalani. Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Jioni Meneja akapokea mzigo, akapapasa nembo, akasema nene hizi, zina hadhi kuliko alivyotarajia. Matawi yote ni yetu!

Jambo moja dogo. Chini ya kila mkate, maneno yangu bado yapo. Kila mwoka mikate atakuwa anatembea nayo kifuani, asijue. Sikumwambia mtu nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Mtu mpya kabisa. Jana nzima Injinia alikuwa hapa na nilimpa mimi mwenyewe kiti chenye mto. Mama mkwe aliniita "baba". Moyo mweupe.

Leo asubuhi amepita muuza nyuzi. Simjui vizuri, ni mwanamume wa makamo mwenye begi la rangi zote. Mke wangu alikuwa anatafuta rangi ya kahawia ya ganda la mkate kwa ajili ya matawi, kaitafuta kila mahali. Yule bwana akafungua begi. Akachomoa rola moja ya uzi, akaiweka juu ya nembo. Ile ile! Mke wangu akashika kifua. Akasema, jamani, huyu ana jicho.

Ana jicho. Mimi nina macho mawili na sijawahi kuambiwa.

Sina wivu. Hilo lilishakwisha Jumapili. Nauliza tu: kahawia ina ugumu gani? Nimenunua unga wa rangi. Nyuzi zote nyeupe za stoo nimezitia kwenye sufuria kubwa ya mama mkwe, nitampa mke wangu kahawia ambayo muuza nyuzi hajawahi kuiota. Zinachemka sasa hivi. Mpaka hapa zimekuwa za zambarau, lakini nadhani ni mwanga wa dirishani.