Nywele za Dhahabu kwa Ajili ya Rauf

Jumamosi, 4 Oktoba

Kwa hiyo si wivu, hata kidogo. Wivu ni wa wanawake wasiopendwa, na mimi napendwa mpaka majirani wanakereka. Huu ni uchunguzi tu. Kila jioni, taarifa ya habari ikikaribia kwisha, mume wangu Rauf huweka kikombe chini, huinua mkono ili ninyamaze, na hutazama. Anamtazama nani? Yule mwanamke wa hali ya hewa. Nywele za dhahabu tupu, zimemwagika mabegani kama samli iliyoyeyuka. Rauf hapepesi jicho. Mwanamke akimaliza, Rauf hushusha pumzi, halafu hupanda juu ya paa kwa njiwa wake, kimya, kama mtu mwenye jambo moyoni.

Rauf wangu! Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka. Anashughulikia ishara za treni kwenye stesheni ya hapa mjini Tanta. Akirudi ananuka grisi na sabuni, na sijui manukato yanayozidi hayo. Asubuhi baada ya harusi mama yangu alituletea njiwa waliojazwa wali, kama ilivyo desturi. Rauf hakula. Aliwatazama kwa huzuni, akauliza kama kuna anayejua walitoka kwenye kibanda cha nani. Nimeolewa na mwanaume wa namna hiyo!

Basi akipenda dhahabu, ataipata. Ndani ya nyumba yake, bila kuwasha televisheni. Nje ninajifunika mtandio, hakuna atakayejua. Itakuwa zawadi ya macho mawili tu.

Jumapili, 5 Oktoba

Kuna kikwazo. Hina.

Mama mkwe wangu, Mama Inshirah, anaishi chini yetu. Usiku wa hina kabla ya harusi hakuridhika na mikono na miguu yangu. Alikuwa ameagiza hina ya Aswan, akaikoroga kwa chai nzito na ndimu, akanipaka kichwa kizima kwa vidole vyake mwenyewe, huku akiimba na kusema kwamba sasa nimekuwa binti yake. Nililia kwa furaha, picha zipo. Tangu hapo, kila nikikaa dirishani kwake ananishika nywele, anazielekeza juani, anasema, tazama wekundu wake.

Kuiondoa hina ile ni sawa na kumrudishia mama wa watu mapenzi yake mlangoni. Kwa hiyo hatajua. Akiona tofauti nitasema ni jua.

Kikwazo cha pili ni wifi yangu Dalal, dada yake Rauf, ambaye tayari ana nywele za dhahabu na huja kwa mama yake kila siku kuzionyesha. Leo tulikuwa tukijaza maboga madogo mchele. Nikamuuliza kwa upole anakozitia rangi. Akasema ni kwa Bi Sausan, nyuma ya duka la vitambaa. Halafu akaongeza, akitazama bakuli na si mimi, kwamba rangi hii haimfai kila mtu, kuna wengine wakiitia wanafanana na muhindi uliosahauliwa shambani. Akanishauri nisiende peke yangu.

Nimemshukuru. Nitakwenda peke yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Bi Sausan ana pete kubwa iliyofungwa vishungi vya nywele vya rangi zote, kama funguo za jela. Alinikalisha nyuma ya pazia, akanivua mtandio, akawa ananiwekea kishungi kimoja kimoja shavuni. Alipofika kwenye rangi ya asali akasimama. Akasema tazama, uso umeamka. Mimi nikanyoosha kidole kwenye kishungi cha mwisho kabisa, cheupe kama katani. Akasema kwa ngozi yangu ya ngano kitanifanya nionekane nimetoka hospitali leo asubuhi. Nikasema hicho hicho.

Akaniuliza kama nywele zimewahi kutiwa kitu. Nikasema kamwe. Akauliza hata hina ya harusi? Hapo nikafikiri haraka. Kila mwanamke wa mtaa huu hukaa kwenye kiti kile, Dalal akiwemo. Nikimwambia, kabla ya adhuhuri Mama Inshirah atakuwa amejua. Nikasema hina ilikuwa ya mikono tu, nikamwonyesha mikono.

Akapaka dawa, akafunga kwa karatasi za foili, nikawa kama samaki wa kuokwa. Nilifumba macho nikamwona Rauf akifungua mlango. Aliangusha mfuko wa machungwa katika ndoto yangu.

Bi Sausan akafungua foili moja, akaifunga. Akafungua nyingine, akaifunga. Ya tatu akaifungua, akavuta kigoda akaketi.

Karibu na ngozi, upana wa vidole viwili: manjano ya kifaranga. Kuanzia hapo mpaka chini: karoti. Karoti iliyooshwa vizuri, inayong'aa.

Nikasema labda ni maji ya Tanta. Bi Sausan akajibu kwamba maji ya Tanta anayajua. Akashika shungi moja, akalisugua kidogo kwa vidole.

“Bibi harusi, hii ni hina. Na si ya kupakwa haraka haraka. Aliyekupaka anakupenda sana.”

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamsihi aongeze dawa. Akakataa katakata, akasema leo zikiguswa tena zitakatika kama tambi. Nipake mafuta ya zeituni, nirudi Jumamosi.

Jumamosi! Na Rauf anarudi leo kabla ya magharibi!

Nilipata wazo njiani. Wazo zuri sana. Nimemwambia upepo umeniingia sikioni na ni lazima lifunikwe mchana na usiku. Alishtuka mpaka akavaa viatu tena, atoke kutafuta daktari. Nimemzuia kwa shida.

Jumatano, 8 Oktoba

Ni vigumu kumdanganya mwanaume mwema. Anakusaidia kupita kiasi.

Amerudi na matone, pamba, mfuko wa maji ya moto, na halua na dengu za kukaanga za kuniliwaza. Akapasha mafuta ya ufuta kwenye kijiko, akayapuliza, akayajaribu kwanza kwenye kiwiko chake. Akataka nivue mtandio anitie. Nikatoa sikio kupitia upenyo, sikio peke yake, kama mfungwa anayepokea mkate. Kwa upole akasema jana lilikuwa la kulia. Nikasema limehama. Akatia mafuta masikio yote mawili.

Jambo moja limenifurahisha: amezima televisheni ili kelele zisiniumize. Yule mwanamke wa hali ya hewa hakupata hata dakika! Lakini Rauf hakutulia. Alikwenda dirishani mara kwa mara, akalowesha kidole mdomoni, akakitoa nje. Maskini, anamkosa.

Mchana Dalal alipanda kuazima kinu cha kitunguu saumu. Alivuta pumzi mlangoni, akauliza kwa nini nyumba yetu inanuka dawa ya choo. Nikasema nilikuwa nasafisha. Akautazama mtandio wangu, akautazama ukumbi mtupu.

“Unajifunikia nani, wifi? Jokofu?”

Alishuka ngazi akicheka mpaka chini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote tangu niolewe.

Rauf alirudi mapema. Nywele zake zimechanwa kwa maji, amevaa shati la samawati ninalolipenda, na mkononi ana shada la asumini, lile wanalouza vijana kwenye taa za barabarani. Huwa ananivalisha kichwani kama taji, na mimi huzunguka nalo jikoni kama malkia wa bamia. Akanyoosha mikono kufungua mtandio. Nikarudi nyuma. Sikukusudia, miguu ilirudi yenyewe.

Akaliweka shada mezani polepole. Akakaa kwenye kiti cha wageni. Tuna kiti cha wageni, na hajawahi kukikalia.

“Shushu, mwanamke hujifunika mbele ya mwanaume mgeni. Mimi nimekuwa mgeni tangu lini?”

Ningeweza kuvua pale pale. Lakini nilijiona kwa macho yake: karoti na kifaranga, yeye ametoka kumtazama mwanamke wa samli miezi yote hii. Nikasema sikio bado. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akapanda kwa njiwa. Chakula kikapoa. Nikala sehemu yangu, halafu na yake, kwa huzuni.

Asumini inanukia nyumba nzima. Siwezi kuikaribia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Rauf alipokwenda kuswali Ijumaa, Mama Inshirah alipanda. Hakugonga. Alifunga mlango nyuma yake, akaniambia kwamba mwanawe alishuka kwake baada ya alfajiri, akakaa mbele ya chai bila kuinywa, akamuuliza kama amewahi kunikosea bila kujua. Akamuuliza pia kama mwanamke anaweza kumchoka mume ndani ya miezi miwili.

Nilianza kulia.

“Vua, mwanangu.”

Nikavua.

Akanizunguka. Halafu akatafuta kiti kwa mkono bila kuangalia nyuma, akakaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya mtandio wangu mwenyewe. Alipotulia, akashika nywele zangu na kuzisugua vile vile alivyofanya Bi Sausan, na uso wake ukatulia. Nikajua ameiona hina yake. Nikambusu mkono, nikamwambia nimeharibu mapenzi yake, anisamehe au anipige.

“Hina nitakoroga nyingine. Mtoto wa kiume sina mwingine. Mvulie.”

Akataka kujua nilitaka nini hasa. Nikamweleza kuhusu mwanamke wa hali ya hewa. Akacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza, akakataa kunieleza kwa nini. Akashuka.

Rauf aliporudi nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, kichwa wazi, macho nimefumba. Nilisikia akiwasha taa. Nilisikia viatu vyake vikinizunguka. Akaniuliza kama panauma. Nikasema hapana. Akauliza, na sikio? Nikasema sikio halijawahi kuuma.

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, vile anavyomshika njiwa aliyevunjika bawa. Akasema sasa hata ukungu ukishuka stesheni nzima, ataniona nikiwa mbali na hatahitaji taa ya kusimamisha treni. Nikacheka na kulia pamoja. Nikamwambia kila kitu, na mwanamke wa televisheni pia.

Hakuelewa. Mwanamke yupi? Nikasema wa hali ya hewa, yule unayemtazama bila kupepesa. Akafikiri. Akasema anatazama upepo. Anafundisha njiwa wachanga kuruka, na ukivuma upepo wa jangwani hawarudi. Nikamuuliza nywele zake zina rangi gani. Alijaribu kweli kukumbuka, maskini. Mwishowe akaniuliza kama nina hakika si mwanaume.

Shada la asumini limenyauka. Amenivalisha hivyo hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kwa Bi Sausan, nikiwa na Mama Inshirah! Alisema hawezi kuniachia kichwa hiki tena bila msimamizi. Alikaa kiti cha jirani, mkoba wangu mapajani, akamtajia Bi Sausan mapishi yake ya hina, chai, ndimu, na karafuu kidogo ambayo mimi sikuijua. Bi Sausan akaitikia kama anayehesabu. Waliongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mto wa kitanda. Mama Inshirah ndiye aliyeshika ile pete ya vishungi, akaniwekea cha rangi ya asali shavuni, akasema hii. Akaomba wekundu kidogo uachwe karibu na masikio.

Na sasa! Sijui niandikeje. Nimekuwa mimi, ila mimi niliyelala vizuri. Macho yamekuwa makubwa. Ngozi ina nuru ya mkate uliotoka tanuri. Bi Sausan ameniapisha kwamba hakuna dawa ya aina yoyote itakayogusa nywele hizi mpaka baridi iishe, la sivyo nitabaki na kofia. Nimeapa.

Dalal alinitazama kwa muda mrefu ngazini, akasema zimenifaa. Alisema kama anayemeza mfupa, lakini alisema.

Rauf alifungua mlango akasahau kuvua viatu. Alitembea juu ya zulia jipya mpaka kwangu. Sikumwambia kitu kuhusu zulia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimejifunza. Nakiri hapa wazi: sitakisia tena moyo wa mume wangu.

Sasa niandike la jana. Tulialikwa kwa rafiki yake wa stesheni, mtoto wao ametimiza siku ya saba. Walimlaza kwenye ungo, wakarusha chumvi, bibi akapiga kinu sikioni mwake kumwambia awatii wazazi, watoto wakazunguka na mishumaa. Rauf akaombwa ambebe mtoto. Hakumrudisha. Wakamwomba mara ya kwanza, mara ya pili, bado amemkumbatia. Mtoto ana nywele za mikunjo, mikunjo midogo midogo myeusi, na Rauf alikuwa akiipitishia kidole kimoja, polepole sana, kama anayeogopa kuiamsha. Halafu akaniinulia macho, na macho yalikuwa yamelowa. Akaninong'oneza:

“Shushu, ingependeza na sisi tukiwa na hii nyumbani.”

Mikunjo! Kumbe ni mikunjo! Sikujua inamgusa mpaka hapo. Mama Inshirah alikuwa karibu, alisikia, akanikanyaga mguu na kutabasamu, kwa hiyo na yeye anajua.

Ningeweza kumuuliza Rauf. Lakini swali la nini, wakati mtu amesema mwenyewe kwa mdomo wake?

Bi Sausan hatakubali, ana mambo yake ya baridi na kofia. Ila kuna saluni mpya ng'ambo ya reli, wanatia mikunjo ya dawa inayodumu miezi sita, na hakuna anayenijua kule. Nimeshawapigia simu. Mwenye saluni ana sauti nzuri, ameniita ua. Nimemwahidi kwamba nitafika kwake kabla mwezi haujaisha.